Nilimjibu Tindo kwa Jina Lako

Kabiria, Jumapili alasiri

Nafula mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda kumuaga shangazi yako Kawangware, na najua hatakuachilia kabla hujala. Nina kama saa tatu. Mkono wangu unachoka upesi siku hizi, kwa hiyo ukiona mwandiko umelegea mahali, jua nilipumzika hapo, si kwamba nilisita. Kusita nimeshasita miaka mitatu.

Habari za sweta, za pasipoti, za mtu atakayekupokea Ujerumani kwenye nyumba ya wazee, hizo zimesemwa na kila aliyepita sebuleni wiki hii. Jirani yetu Mama Brayo amekuambia mara nne ubebe unga. Sina la kuongeza. Habari ya ugonjwa wangu nayo unaijua. Tulikuwa pamoja daktari alipotuonyesha picha ya moyo, na wewe ndiye uliyemuuliza maswali niliyoyaogopa. Ukirudi likizo ya kwanza huenda usinikute. Tulikubaliana uende hivyo hivyo, na sijabadilisha neno langu.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya Tindo.

Najua utashtuka kulikuta jina hilo kwenye mwandiko wangu, kwa sababu hukuwahi kunitajia. Ulisema tu "rafiki wa kwenye mchezo". Basi niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitachoka kabla sijafika. Tindo hakukuacha. Mimi ndiye niliyemfukuza, kwa jina lako, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Ilikuwa Jumanne, kabla ya saa sita. Ulikuwa ukifanya kazi katika lile duka la uchapishaji River Road huku ukisomea uuguzi jioni, na siku hiyo ulikuwa na mapumziko. Ulikuwa mezani ukiandika na kucheka peke yako, kisha mwenye duka akapiga simu kwamba mashine ya kadi za harusi imekwama. Ukavaa viatu ukiwa umesimama. Ukaniambia, "Baba, wacha nikimbie tao. Huyu jamaa nikimwacha atachapisha bibi harusi kichwa chini." Ukatoka kwenda mjini, na kompyuta ikabaki wazi.

Wakati huo nilichojua kuhusu mchezo wenu ni kidogo. Nilijua kwamba watu wasiojuana, wengine Mombasa, wengine Mwanza, wengine sijui wapi, hukutana mtandaoni katika mji wa kubuni, kila mmoja akiwa amejiundia mhusika, nao huandika hadithi kwa kupokezana. Wewe ulikuwa Zuhura, mhunzi. Hilo ulikuwa umeniambia mwenyewe, nami nikasema "vizuri" bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

Kompyuta ikalia. Nikapuuza. Ikalia tena. Unajua nilivyolelewa: mgeni akibisha na mwenye nyumba hayupo, aliyemo ndani humfungulia, humpa kiti na kumwambia mwenyewe atarudi lini. Kwa akili yangu ya siku ile nilikuwa naenda kumfungulia mgeni wako. Nikakaa, nikavaa miwani, nikasoma:

"Zuhura, funga mizigo. Msafara unaondoka kabla ya jua. Baba yako asijue, akijua hatakuachilia. Nitakungoja nyuma ya kisima."

Moyo ambao sasa unanishinda ulinipiga kama ngoma. Nikaona mwanamume anayemtorosha binti yangu. Nikafikiria kuandika kama baba, nimtishie, lakini nikajiambia kwamba mtu wa namna hiyo akitishwa na baba hujificha na kutafuta njia nyingine. Akikataliwa na msichana mwenyewe, huenda. Kwa hiyo nikaandika kama wewe. Nilichukua muda mrefu kuzitafuta herufi. Niliandika: "Sitaki kukuona tena. Umekuwa mzigo kwangu. Usiniandikie kamwe."

Nikadhani nimemaliza. Haikupita dakika, yakaja maneno ndani ya mabano mawili:

((Samahani, hapa ni mimi, si Tindo. Hayo ni ya Zuhura au ni yako? Kama nimekosea mahali niambie tu. Tunaweza kulibadilisha tukio lote. Hata baba yake Zuhura tunaweza kumfanya mwema.))

Nafula, miaka thelathini na moja nilifundisha fasihi. Niliwakata alama watoto wa watu kwa kumchanganya mhusika na mwandishi. Nilikuwa na usemi wangu darasani, "Anayesema si anayeandika", mpaka wanafunzi wakaniita Anayesema. Niliposoma mabano yale nilielewa kila kitu papo hapo. Hapakuwa na msafara wala kisima. Palikuwa na mtu fulani, mahali fulani, mwenye adabu kuliko mimi, anayeuliza kama amekuumiza.

Hapo ndipo ninapotaka usome polepole. Yale ya kwanza yalikuwa makosa ya mzee asiyejua. Kama ningeandika wakati ule, "Samahani, mimi ni baba yake, nimekosea," ungerudi jioni, ungekasirika, ungenicheka, na ningekuwa kichekesho chenu mpaka leo. Nilikuwa na nafasi hiyo mbele yangu, kwenye kioo, ikisubiri. Lakini kabla ya kujibu nilipandisha ule ukurasa juu nikasoma mazungumzo yenu ya nyuma. Nilisoma muda mrefu.

Nikakuta ulikuwa umemwandikia Tindo, kwenye mabano, kuhusu mama yako. Kwamba mwaka wa pili tangu afariki unaisha, na viatu vyake bado viko karibu na mlango pale baba alipokataza visiguswe. Kwamba kila ukitoka kwenda kazini unaviruka, na huwezi kuniambia viondoke kwa sababu nitadhani umemsahau. Tindo alikuwa amekujibu maneno machache tu. Hakukupa ushauri. Alikuuliza mama yako alipenda kuvaa vile viatu kwenda wapi, nawe ukamwandikia habari za mama yako ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuzisikia.

Tangu tumzike mama yako, mimi na wewe tulikuwa tukila tukisikiliza redio. Nilidhani huna maneno. Kumbe ulikuwa nayo mengi, nawe unampa mtu ambaye hata sura yake huijui. Nikamwonea wivu mgeni. Sina neno jingine la kuita jambo hilo, nimelitafuta.

Nikaandika: "Ni yangu."

Akajibu: ((Sawa. Nimekuelewa. Asante kwa miaka hii. Uwe salama.))

Hakubishana wala hakutukana. Nikabonyeza hapa na pale mpaka nikaona mahali pa kumfungia mtu asiweze kukuandikia tena, nikamfungia. Kisha nikafuta mazungumzo yote ya nyuma, pamoja na yale ya mama yako. Ulikuwa umeyaandika mara moja tu maishani, na hayarudi.

Wiki ile ile niliviondoa viatu mlangoni. Uliporudi ukasimama, ukanikumbatia. Ukasema, "Asante, Baba. Umejuaje?" Nikasema, "Mzazi hujua." Kila ninapojiuliza ni lipi baya zaidi kati ya yote, narudi hapo. Nilikuibia kisha nikapokea shukrani.

Nilikutazama ukimtafuta, ukidhani ni yeye aliyefuta mazungumzo na kuondoka. Uliuliza wachezaji wengine, nao, kama nilivyokuja kujua, walikuwa wamepata habari kwamba Zuhura alimfukuza Tindo kwa maneno makali, wakawa baridi kwako, na hukujua kwa nini. Hukuwahi kutafuta kwenye orodha ya watu uliowafungia wewe mwenyewe; nani angetafuta humo? Baada ya miezi miwili ukauacha mchezo. Siku moja ukiwa unamenya viazi ukaniuliza, bila kuniangalia, "Baba, mtu anaweza kuondoka tu hivyo? Bila kusema kitu?"

Nikakujibu, "Watu wa mtandaoni ndivyo walivyo, Nafula. Si watu wa kuwekea moyo."

Ukatikisa kichwa kukubali. Uliniamini kwa sababu mimi ni mwalimu na mzee wa kanisa, na ni babako.

Na mimi nilikuwa nalijua jambo hilo linavyouma. Kabla hujazaliwa nilikuwa nikifundisha Kiswahili nyumba moja Spring Valley, siku za Jumamosi. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka tisa, mchangamfu, tulikuwa tumefika kwenye kutunga hadithi. Jumamosi moja nikafika langoni, mlinzi akatoka kwa mlango mdogo, akaufunga nyuma yake.

"Mwalimu, nimeambiwa usiingie."

"Na nani?"

"Na shosho wa mtoto."

"Kwani nyanya yake nimemkosea nini?"

"Mwalimu, mimi siambiwi. Mimi kazi yangu ni lango."

Nilikuwa na daftari la yule mtoto mkononi, nimelisahihisha. Nikamwomba mlinzi alipeleke. Akasema hajaambiwa kuhusu daftari. Nilitembea mpaka Westlands nikipekua kila neno nililowahi kusema katika nyumba ile. Nimelipekua miaka yote hii. Bado wakati mwingine nikiwa naoga nawaza, labda ni ile siku nilipokataa chai. Mtu aliyewahi kufanyiwa hivyo alitakiwa kuwa wa mwisho kumfanyia mwenzake. Nilimfanyia mtu nisiyemjua, na nikakufanyia wewe.

Mwaka jana, miguu ilipoanza kuvimba nikawa wa kushinda kitini, nilijifungulia akaunti kwenye ule mchezo kwa simu yangu. Hukujua. Ulidhani nasoma magazeti. Nilitaka kumtafuta Tindo, lakini niliona aibu kuingia tu na kuuliza, kwa hiyo nikajiundia mhusika, Karani wa sokoni, nikaanza kucheza.

Ningependa ungeniona. Siku ya kwanza niliingia kwenye tukio la watu bila hodi, nikaandika kwamba Karani alimkamata mwizi, na mwizi akaanguka chini akalia akiomba msamaha. Mara mabano: ((Buda, huyo mwizi ni wangu. Mimi ndio nasema kama analia.)) Siku ya pili mchuuzi mmoja akalalamika sokoni, "kitu yangu imeibiwa," nami nikamsahihisha hapo hapo. Akanijibu: ((Mwalimu, niaje. Hapa hatusahihishi insha. Mwizi ameshatoroka ukiandika.)) Sikuwa nimewaambia kwamba mimi ni mwalimu. Walijua.

Lakini hawakunifukuza. Yule mwenye mwizi, ambaye nadhani ni mdogo kuliko wewe, alinichukua pembeni akanieleza taratibu. Kwamba kabla ya kuingia kwenye hadithi ya watu, tazama kidogo, kisha omba nafasi. Kwamba unasema la mhusika wako, la mwenzio humsemei. Kwamba tukio likikuumiza unatoka kwenye hadithi unasema kwa kinywa chako, na hakuna atakayekucheka. Kwamba huulizi mtu jina lake wala anakaa wapi wala kama ni mwanamume au mwanamke, mpaka apende kusema. Na mwisho akaandika: ((Na ukienda, aga. Usipoaga, mhusika wa mwenzako anabaki amesimama pale akikungoja.))

Niliweka simu chini. Nilikuita unisaidie kuinua miguu kwenye stuli, si kwa sababu ilikuwa inauma.

Mambo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafundisha maisha yangu yote kwa majina mengine, nami nikiamini kwamba yanahusu watu tunaopeana nao mikono. Mtu ambaye simwoni, kumbe nilikuwa sijamhesabu kuwa mtu. Unakokwenda, wewe ndiye utakayekuwa mgeni asiyejulikana, na kuna siku mtu atakusemea kitu au kukufungia mlango bila kukueleza, na utadhani kosa ni lako. Sina dawa ya hilo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba upande wa pili wa mlango huenda kuna mzee mwenye wivu, na hukumkosea lolote.

Tindo nilimpata baada ya wiki tisa. Bado anaongoza misafara. Niliomba kuzungumza naye nje ya hadithi.

((Karibu, Karani. Kuna shida?))

Nikamwandikia yote kama ninavyokuandikia wewe, ila kwa ufupi. Niliifungua simu mara nyingi kiasi kwamba ulinitania, "Baba, una mchumba?" Siku ya tano akajibu. Nimeyanakili maneno yake hapa yote, kwa sababu sina tena ruhusa ya kufuta lake hata moja:

((Nimesoma. Nilikaa na yale maneno "ni yangu" kwa muda mrefu, na yaliniuma, sitakuficha. Nilidhani nilimchosha na ule msafara. Lakini mimi si wa kukusamehe kwa niaba yake. Mwambie mwenyewe. Sitamtafuta kabla hajajua, kwa sababu nikimtafuta itabidi nimweleze, na hiyo ni kazi yako. Akishajua, na akitaka, mimi niko. Alipita ule mtihani wa anatomia?))

Nilimjibu kwamba ulipita. Sikuongeza kitu, maana nilikuwa nimeshakujibia vya kutosha. Mpaka leo sijui kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mtu wa makamo. Sikuuliza.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Sasa utataka kujua kwa nini miezi saba. Nimejiambia mengi: ulikuwa na masomo ya Kijerumani, ulikuwa na usaili, nisikuvuruge. Ukweli ni kwamba kila jioni unanikanda miguu kwa maji ya chumvi, na unaponikanda unanisimulia siku yako ilivyokuwa. Umerudi kuniongelesha, Nafula. Yale niliyomwonea wivu Tindo, sasa ninayapata mimi. Niliogopa kwamba nikikuambia, mikono yako itabadilika. Kwa hiyo nilimnyima rafiki yako miezi mingine saba ili nikandwe miguu. Nimeyaandika hayo jinsi yalivyo, na sitayapamba.

Mpango wangu ulikuwa kuiweka barua hii kwenye sanduku lako, chini ya zile sare nyeupe. Ungeikuta huko, mimi nikiwa mbali, au pengine nimeshazikwa, na watu wangekuambia usimkasirikie marehemu. Nilikuwa nimeshaandika na bahasha. Lakini nilipofika kwenye ukurasa huu nimeona kwamba ningekuwa nimekusemesha nikiwa mahali ambapo huwezi kunijibu. Nimeichana bahasha. Nitakupa karatasi hizi mkononi ukiingia, kabla ya chakula.

Zisome chumbani kwako. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo. Daktari alisema nisisumbuliwe, lakini daktari hajui habari hii. Usinihurumie kwa sababu ya miguu. Ukitaka kunyamaza mpaka gari la uwanja wa ndege lifike kesho, nyamaza, sitakuja kubisha mlangoni kwako wala kumtuma mtu. Na ukitaka kumwandikia Tindo kwanza, kabla hata ya kuniangalia usoni, mwandikie. Kumfungulia ni rahisi kuliko nilivyopata shida kumfungia. Sitauliza alichosema.

Sikuombi unisamehe usiku mmoja kabla ya safari. Hilo lingekuwa kukuharakisha, ili niondoke duniani nikiwa nimepumzika. Ninachoomba ni kimoja: hasira yoyote utakayokuwa nayo, nipe mimi nikiwa bado hapa. Usiibebe mpaka huko ukawapa wazee wa watu utakaowatunza.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi. Unamjibu Mama Brayo kitu, naye anacheka. Nazikunja sasa, kabla sijapata sababu ya kuzificha.

Babako